Daftari la wakazi wa kijiji: jinsi ya kulifungua, kulijaza na kulitunza

Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000. Ukiingia ofisi ya kijiji yoyote ukauliza idadi ya watu, utatajiwa namba. Ukiuliza namba hiyo imetoka wapi, mara nyingi jibu ni sensa iliyopita, au daftari lililojazwa mara moja likafungiwa kabatini. Mwongozo huu ni kwa watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wa halmashauri za vijiji wanaotaka daftari linalolingana na watu waliopo leo. Kulifungua ni kazi ya wiki mbili au tatu. Kulitunza ni kazi ya kila mwezi, na hapo ndipo madaftari mengi hufa.

Daftari hili ni lipi

Usilichanganye na sensa. Sensa ya Watu na Makazi huhesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Ya mwisho ilifanyika 23 Agosti 2022 na ilipata watu 61,741,120 kwa nchi nzima. Mgeni aliyelala kijijini kwenu usiku ule alihesabiwa kwenu, na mwenyeji wenu aliyelala mjini akahesabiwa mjini. Daftari la kijiji huhesabu wakazi, yaani watu ambao makazi yao ya kawaida ni hapo, hata kama leo wako safarini. Kwa hiyo namba mbili hizi hazitalingana, na hazipaswi kulazimishwa zilingane. Mtendaji anayefuta watu daftarini ili afikie namba ya sensa anaharibu kazi.

Usilichanganye pia na orodha ya wapiga kura. Orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa huandaliwa upya kwa ajili ya uchaguzi wenyewe. Kwa ule wa 27 Novemba 2024 uandikishaji ulifanyika Oktoba mwaka huo. Inahusu wenye miaka 18 na kuendelea tu. Daftari la wakazi linaanza na mtoto aliyezaliwa jana.

Nani ana wajibu gani

Kutunza rejesta ya wakazi wa kitongoji ni mojawapo ya kazi za mwenyekiti wa kitongoji. Mtendaji wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa na pia katibu wa halmashauri ya kijiji, ndiye anayeunganisha rejesta za vitongoji kuwa daftari kuu la kijiji. Mwenyekiti wa kijiji husimamia vikao ambako majumla husomwa. Balozi wa nyumba kumi anaweza kusaidia kwa kuwa anawafahamu watu, lakini tangu mfumo wa vyama vingi uanze mwaka 1992, ubalozi ni ngazi ya chama na si ya serikali ya kijiji. Asiachiwe daftari, na kaya yoyote isirukwe kwa sababu haimtambui balozi huyo.

Kabla ya kuanza, halmashauri ya kijiji ipitishe azimio kwenye kikao chake cha kawaida cha mwezi: kazi itaanza lini, nani ataandika katika kila kitongoji, na siku ambayo hesabu itasimama. Chagueni siku moja ya kusimamia hesabu, kwa mfano 1 Julai. Anayezaliwa au kuhamia baada ya siku hiyo haingii kwenye orodha ya mwanzo. Anaingia kama badiliko. Bila siku hiyo, kitongoji kilichoandikwa wiki ya kwanza na kilichoandikwa wiki ya tatu vitakuwa vinaeleza nyakati mbili tofauti, na familia iliyohama katikati itaandikwa mara mbili au isiandikwe kabisa.

Msimu nao una uzito. Wakati wa kulima na kupalilia watu wengi hulala mashambani au hutoka alfajiri, na wakati wa kiangazi wafugaji huwa mbali na mifugo. Baada ya mavuno, kabla ya vijana kutawanyika kutafuta vibarua, ndipo kaya nyingi hukutwa zimekamilika.

Nani ni mkazi

Amueni kanuni mapema, ziandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari, kila mwandishi awe na nakala yake. Kanuni zinazofanya kazi vizuri ni hizi:

Mkazi ni mtu aliyeishi kijijini miezi sita au zaidi, au aliyehamia kwa nia ya kuishi hapo hata kama ana wiki moja. Aliyeondoka ameshatimiza miezi sita nje na hana tarehe ya kurudi anahesabiwa amehama. Mwanafunzi wa bweni abaki kwenye kaya ya wazazi wake, akiwekewa alama kuwa yuko shuleni. Kibarua wa msimu haandikwi kama mkazi. Aandikwe kwenye ukurasa wa wageni pamoja na jina la mwenyeji wake. Binti wa kazi anayelala kwenye nyumba hiyo ni mwana kaya wa nyumba hiyo. Huyu ndiye husahaulika kuliko wote, kwa kuwa mkuu wa kaya anapoulizwa "watu wako wangapi" hujibu kwa kuhesabu ndugu zake tu.

Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya mbili, na boma moja linaweza kuwa na kaya tano. Kwa mume mwenye wake wawili wanaopika kila mmoja kwake, kila mke ana kaya yake, na mume anaandikwa kwenye kaya moja tu, ile anayoitaja mwenyewe kuwa ndiyo makao yake makuu. Kwenye kaya ya pili andika mke kuwa mkuu wa kaya, na pembeni weka namba ya kaya aliko mume. Mume akiandikwa kote kuwili, kijiji kinapata mtu asiyekuwepo.

Mwanamke aliyekwenda kwao kujifungua hajahama. Mtoto wake anaandikwa kijiji anakoishi mama.

Kuandikwa daftarini hakumpi mtu ardhi, na kumiliki shamba hakumfanyi mtu mkazi. Mgeni anayeomba ardhi anapita kwenye utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: maombi kwa halmashauri ya kijiji, kisha idhini ya mkutano mkuu. Lisemeni hili wazi kwenye mikutano ya vitongoji. Pasiposemwa, wenyeji watawaficha wapangaji na wafugaji wahamiaji wakidhani kuandikwa ni kupewa eneo, na wageni nao watawalipa watu ili waandikwe.

Vifaa na safu

Kaunta buku la kwaya nne (quire 4) lenye jalada gumu kwa kila kitongoji, na moja jingine la daftari kuu la kijiji. Kalamu ya wino wa bluu au mweusi, kamwe si penseli. Rula. Mfuko wa nailoni wa kuzuia mvua. Kompyuta ikiwepo ni msaada mzuri wa kujumlisha, lakini daftari la karatasi lenye saini ndilo linalobaki wakati umeme na betri havipo.

Kila kaya ipewe ukurasa wake, hata kama ina mtu mmoja. Hapa watu hubana matumizi wakaandika kaya nne ukurasa mmoja. Mwaka wa pili hakuna nafasi ya kuongeza mtoto, majina yanaanza kuandikwa pembeni, na mwaka wa tatu daftari halisomeki. Juu ya ukurasa weka namba ya kaya, jina la kitongoji, namba ya anwani ya makazi kama nyumba ina kibao, na namba ya simu ya mtu mzima mmoja.

Safu za ukurasa ni namba ya mtu, majina matatu, jina analofahamika nalo, jinsi, mwaka wa kuzaliwa, uhusiano na mkuu wa kaya, shughuli au darasa, ulemavu kama upo, cheti cha kuzaliwa (anacho au hana), kitambulisho cha Taifa (anacho au hana), tarehe ya kuingia na sababu, tarehe ya kutoka na sababu. Usiongeze zaidi. Kila safu ya ziada ni dakika kwa kila mtu, na safu zisizotumika huwachosha waandishi hadi wakaanza kubuni majibu.

Safu ya jina analofahamika nalo si ya mapambo. Mzee anayeitwa Babu Saidi na kijiji kizima anaweza kuwa na majina matatu ambayo jirani yake hayajui, na wakati wa kuhakiki orodha mkutanoni hakuna atakayemtambua.

Namba ya mtu iwe na sehemu tatu: kitongoji, kaya, mtu. Kwa mfano 03-047-05 ni mtu wa tano wa kaya ya 47 katika kitongoji cha tatu. Namba ikishatolewa hairudiwi, hata mwenyewe akifariki. Mtoto atakayezaliwa baada yake anapata namba inayofuata.

Kupita nyumba kwa nyumba

Kwanza chora ramani ya kitongoji kwa mkono: njia, mto, shule, kisima, na kila nyumba kwa nukta. Ramani hii ndiyo kinga kuu ya kuruka kaya. Mipaka ikaguliwe na wenyeviti wa vitongoji viwili jirani wakiwa pamoja, kwa sababu kaya za mpakani ama huandikwa kote ama hazina mwenyewe.

Mwandishi atumie dakika 15 hadi 20 kwa kaya. Kwenye makazi yaliyotawanyika, mtu anayetembea kwa miguu hukamilisha kaya 12 hadi 15 kwa siku. Kitongoji cha kaya 80 kinamchukua siku sita au saba. Akikuletea kaya 40 za siku moja, ujue ameketi chini ya mti akaandika kwa kumbukumbu.

Ongea na mtu mzima wa kaya hiyo, si jirani. Uliza kwa mpangilio huu: nani alilala hapa jana, nani wa kaya hii hakulala hapa jana na yuko wapi, kuna mtoto mchanga, kuna anayesoma bweni, kuna anayefanya kazi hapa na kulala hapa. Swali la mtoto mchanga liulizwe peke yake. Watoto wa chini ya mwaka mmoja ndio wanaokosekana zaidi kwenye orodha zinazotokana na swali la jumla, hasa pale ambapo jina halijatolewa. Asiye na jina aandikwe "mtoto wa" na jina la mama, jina lijazwe mwezi unaofuata.

Kaya iliyofungwa irudiwe mara tatu kwa saa tofauti. Ikibaki imefungwa, fungua ukurasa, weka namba, andika "haijakutwa" na tarehe. Usijaze kwa maelezo ya majirani.

Mwaka wa kuzaliwa

Andika mwaka, usiandike umri. Umri wa "32" uliandikwa lini? Mwaka 1993 utabaki 1993.

Kwa wazee wasio na cheti, tumia kalenda ya matukio. Yanayofaa karibu kila mahali ni Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, Vita vya Kagera 1978 na 1979, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine Aprili 1984, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo kurejea 1995, mvua za El Niño 1997 na 1998, na kifo cha Mwalimu Nyerere Oktoba 1999. Ongezeni ya kwenu: mwaka shule ilipofunguliwa, mwaka wa njaa, mwaka daraja lilipochukuliwa na maji. Swali zuri linaunganisha tukio na maisha ya mtu: "Bibi, Sokoine alipofariki ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na watoto wangapi?" Mwenye mtoto mmoja wakati huo ana uwezekano mkubwa wa kuwa alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Ukimaliza kitongoji, piga hesabu ya umri kutoka mwaka wa kuzaliwa, kisha angalia tarakimu yake ya mwisho. Kama watu wenye miaka 30, 40, 50 na 60 ni wengi mno kuliko wa 29, 31, 39 au 41, mwandishi amekadiria bila kuuliza.

Mabadiliko ya kila mwezi

Daftari ambalo halipokei mabadiliko hupotoka haraka. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 idadi ya watu nchini iliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, kijiji cha watu 2,400 kinafikia karibu 3,290 baada ya miaka kumi. Kijiji chenu kinaweza kukua kwa kasi zaidi au kupungua kwa sababu ya uhamaji, na ni daftari peke yake litakalowaambia.

Mabadiliko ni ya aina nne tu: kuzaliwa, kufariki, kuhamia, kuhama. Mwenyekiti wa kitongoji awe na daftari dogo la mfukoni la kuandika tukio siku analolisikia: tarehe, jina, namba ya kaya, aina ya tukio. Siku moja kabla ya kikao cha halmashauri ya kijiji analipeleka kwa mtendaji, wanahamisha pamoja kwenye rejesta ya kitongoji na daftari kuu, na wote wawili wanasaini chini ya mstari wa mwezi huo. Mwezi usio na tukio nao uandikwe "hakuna" na usainiwe. Pengo tupu halielezi kama hakuna kilichotokea au hakuna aliyeandika.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni msaada mkubwa kwa vizazi. Vifo hujulikana msibani. Kuhamia hujulikana kwa barua ya utambulisho kutoka kijiji alikotoka mtu. Asiye nayo apewe muda wa kuileta, lakini aandikwe ukurasa wa wageni tangu siku ya kwanza. Kuhama ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu anayeondoka haagi ofisi. Kwa hilo, kila mkutano wa kitongoji uwe na ajenda moja fupi: nani ameondoka.

Mtoto aliyezaliwa akafariki baada ya siku tatu ni matukio mawili, kizazi na kifo, na yote mawili yaandikwe. Mkiyaacha kwa kuwa "hajabadilisha idadi", kijiji hakitaona kamwe kwamba kinapoteza watoto wachanga, na hakitakuwa na hoja ya kudai mkunga.

Tukio likiandikwa, mwelekeze mhusika. Kizazi kinapaswa kusajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ndani ya siku 90 na kifo ndani ya siku 30. Aliyefikisha miaka 18 aanze maombi ya kitambulisho cha Taifa NIDA, mamlaka inayovitoa, na fomu yake itapita kwa mtendaji kuthibitishwa; mtendaji mwenye daftari zuri huthibitisha kwa kufungua ukurasa.

Kosa likifanyika, piga mstari mmoja juu yake, andika sahihi pembeni, weka saini na tarehe. Korekta na kuchana karatasi havikubaliki, kwa kuwa daftari hili linaweza kuhitajika kwenye mgogoro wa mirathi au wa ardhi.

Kufunga mwaka na kukagua

Desemba, kila kitongoji kifunge hesabu kwa mstari mmoja. Mfano: wakazi 1 Januari 412, ongeza waliozaliwa 14, toa waliofariki 3, ongeza waliohamia 9, toa waliohama 16, jibu ni 416. Kisha hesabu majina yaliyo hai kwenye kurasa. Yakitoka 416, sawa. Yakitoka 421, huenda kuna watu watano ambao kuondoka au kufariki kwao kumeandikwa kwenye jedwali la mwezi lakini hakujaandikwa kwenye ukurasa wa kaya.

Kisha pima kama matukio yenyewe yanaaminika. Kwa hali ya Tanzania, watu 1,000 hutarajiwa kupata vizazi kati ya 30 na 40 kwa mwaka na vifo kati ya 5 na 9. Kitongoji kimoja ni kidogo mno kwa kipimo hiki, lakini kijiji cha watu 2,400 kilichoandika vizazi 21 mwaka mzima kimekosa vingi. Linganisha watoto wa chini ya mwaka mmoja na orodha ya chanjo ya zahanati, na watoto wa umri wa shule na madaftari ya mahudhurio. Mwisho, mtu asiyehusika na uandishi arudie kila kaya ya kumi. Kaya zenye tofauti zikizidi moja kati ya kumi alizorudia, kitongoji hicho kiandikwe upya.

Namba zinavyofanya kazi

Majumla yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaofanyika kila baada ya miezi mitatu, pamoja na taarifa ya mapato na matumizi. Majumla tu: watu, kaya, jinsi, makundi ya umri, walioingia na waliotoka. Majina hayasomwi, isipokuwa utaratibu maalumu unapodai, kama uhakiki wa kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kituo kimoja cha maji kwa watu 250, ndani ya mita 400. Kwa kipimo hicho, kijiji cha watu 2,400 kinastahili vituo kumi. Kikiripoti 1,900 kwa uzembe wa daftari, kitaombewa vinane. Hesabu kama hiyo inagusa madawati, madarasa na dawa. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri za wilaya na miji hugawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kijiji kisichojua wakazi wake wangapi wana ulemavu hakiwezi kuwasaidia kuunda kikundi kwa wakati.

Idadi huamua hata umbo la kijiji. Chini ya sheria ya vijiji ya 1975, kijiji kilihitaji kaya zisizopungua 250 ili kiandikishwe. Leo, ombi la kugawa kijiji hupita kwenye mkutano mkuu, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa, hadi TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na katika kila ngazi swali la kwanza ni kaya ngapi na watu wangapi kila upande. Maombi mengi hukwama kwa sababu namba za barua ya kijiji na za kata hazifanani.

Usiri na makabidhiano

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Daftari hili ni taarifa binafsi. Lifungiwe kwenye kabati lenye kufuli, kurasa zisipigwe picha na kutumwa kwenye makundi ya simu, na lisiazimwe kwa chama chochote, kampuni ya mikopo wala mgombea. Magonjwa ya mtu hayaandikwi humo hata kidogo. Mtu akitaka kuona ukurasa wa kaya yake, aonyeshwe.

Mtendaji anapohamishwa, au mwenyekiti wa kitongoji anapomaliza miaka yake mitano, madaftari yakabidhiwe kwa hati: idadi ya madaftari, idadi ya kurasa katika kila moja, mwezi wa mwisho uliosainiwa, na jumla ya wakazi siku hiyo. Hati isainiwe na anayetoka, anayeingia na mwenyekiti wa kijiji, nakala moja iende kwa mtendaji wa kata. Anayeingia ahesabu kurasa mbele ya wenzake kabla ya kuweka saini.